Kisima Kina Mwenyewe, Bomba la Nani?

Mvita ni kisiwa kisicho na mto. Twalijua sote jambo hili, ila mfereji ukikauka hulisahau. Maji matamu ya hapa ni mvua iliyopenya katika mawe ya matumbawe, ikakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Ukiteka kwa kiasi, wapata maji ya kunywa. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Hata ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisima kilitoa maji ya chumvi ya kuoshea tu. Ya kunywa ilibidi yangojwe kutoka mawinguni.

Wazee wetu waliishi na hali hiyo. Mji wa Kale ulikuwa na visima vya nyumba, vya mitaa na vya misikiti, na mwenye kuchimba alitia nia ya sadaka yenye kuendelea, akimkumbuka Sayyidna Uthman (r.a.) aliyekinunua kisima cha Ruma kule Madina akawaachia Waislamu watumie bure. Kamba ikikatika au ndoo ikizama, aibu ilikuwa na mwenyewe, na mtaa mzima ulimjua.

Kisha yakaja maji ya mbali. Ya Marere, katika milima ya Shimba, yalitangulia. Mwaka 1957 bomba la Mzima likafika. Mvua huangukia milima ya Chyulu, hujichuja polepole katika mawe ya volkano, ikatokea Mzima, Tsavo Magharibi, ikiwa safi kama kioo. Kutoka huko mpaka kwetu ni kilomita zipatazo 220, na maji hushuka yenyewe kwa mteremko, pasi na pampu. Mimi naliona bomba lile kuwa ni kazi ya ajabu kuliko majumba yote marefu ya mjini.

Baricho ni habari nyingine. Visima vyake vi kando ya Mto Sabaki, na maji yake ni mengi, lakini lazima yasukumwe kwa umeme. Si mara moja deni la umeme limelimbikizana, mashine zikazimwa, na mji ukabaki na kiu huku mto unapita.

Na hapo ndipo lilipo swali langu. Bomba kubwa ni la taasisi ya serikali kuu. Kampuni inayotugawia majumbani ni ya kaunti. Mwenye bomba kubwa humdai mwenye bomba dogo, mwenye bomba dogo humlaumu mwenye bomba kubwa, na mwenye ndoo hulipa mkokoteni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Lakini mji hupata chini ya nusu ya maji unayoyahitaji, na katika hayo machache, karibu nusu hayalipiwi: mengine huvuja chini ya barabara, mengine huibiwa, mengine hupita kwenye mita zilizokufa.

Tena bomba tupu lina hatari yake. Maji yakikatwa kwa mgao, msukumo hupungua, na uchafu ulio nje huingia kupitia nyufa. Kwa hivyo yale ya kwanza yajayo siku ya zamu yamwagieni choo, wala msiyanywe. Na ya kisima kilicho jirani na choo cha shimo yachemsheni, hata yakiwa matamu ulimini. Kipindupindu hakina ladha.

Juzi nilimwuliza mzee mmoja anayetunza birika la msikiti, mtaani petu, kama wafadhili wa visima wamepungua. Akacheka. "Wa kuchimba ni wengi, mwanangu, na kila mmoja ataka jina la marehemu wake liandikwe ukutani. Pampu ikiungua, nabaki mimi na kofia yangu, nazunguka nayo baada ya sala ya Ijumaa."

Nadhani mji nao una maradhi hayo hayo. Sasa twaambiwa tungoje Bwawa la Mwache, linalojengwa Kwale. Nami nalingoja kwa hamu, kama kila mtu. Lakini maji yake, yakifika, yatapita katika mabomba yaya haya.