Dawa Inayoamshwa na Mwanga
Sehemu ya Pili: Chembe zinazobeba dawa

Wiki iliyopita tulimwacha Oscar Raab mjini Munich, mwaka 1900, akiona vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi vikifa mwangani na kusalimika gizani. Tiba iliyotokana na jambo hilo ni hii: mgonjwa hupewa dawa isiyodhuru gizani, kisha uvimbe humulikwa. Dawa huamka na kuitia oksijeni ukali unaoua seli za saratani. Ukali huo huzimika kabla ya kuvuka upana wa seli moja, kwa hiyo pasipo na dawa hapaungui.

Shida ni kuifikisha dawa. Nyingi hazichanganyiki na maji. Zikiingia kwenye damu hugandamana, na zikigandamana nguvu yake hupotea. Tena huenea mwili mzima. Anayedungwa Photofrin, iliyoidhinishwa Canada mwaka 1993, hulazimika kukwepa jua kwa siku 30 au zaidi. Sasa mfikirie mkulima wa Mbau, wilayani Mocímboa da Praia nchini Msumbiji, anayekula kwa jembe lake. Nani atamlimia mwezi mzima? Kwangu mimi, tiba isiyojibu swali hilo haijakamilika.

Ndiyo maana watafiti wanaifungia dawa ndani ya chembe nano. Nyingi zina upana wa nanomita 100 hadi 200. Unywele mmoja ni kama 80,000. Hutengenezwa kwa polima za asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, jamii moja na nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Chembe huzuia dawa isigandamane, huikusanya zaidi penye uvimbe, kisha humomonyoka na mwili huzigeuza asidi zake kuwa maji na kaboni dioksidi. Afrika Kusini, Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho, amekijengea Chuo Kikuu cha Rhodes sifa katika dawa za aina hii na chembe za kuzibeba.

Hata hivyo mwanga mwekundu hupenya milimita chache tu. Madoa ya juu ya ngozi yanayotangulia saratani hutibika, na kwa hayo ipo tayari dawa ya kupaka. Uvimbe uliozama kwa kawaida bado unahitaji tiba nyingine, kama kisu au mionzi. Chembe zinazomomonyoka, kwa sehemu kubwa, zingali maabarani. Hadi zitoke humo, kwa watu wenye ualbino wa pwani hii ya Msumbiji, ambao jua huwaletea saratani wakingali vijana, mafuta ya kukinga jua kama Kilisun, yaliyoanzia hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, yafike Mbau sasa, pamoja na kofia pana na mtu wa kuwakagua ngozi kila mara.