Usimpokonye Bibi Jembe

Katika kaya nyingi za Ipililo, wilayani Maswa, heshima kwa mzee huonekana kwenye kiti. Bibi akishaanza kuinuka kwa kujishika magoti, mjukuu anampokea ndoo, mkwe anampokea mchi, na mwanawe aliyeko Mwanza anatuma hela ya kumlipa kijana wa kuchota maji. Anawekewa kiti kivulini, apumzike. Wote wametenda kwa mapenzi. Lakini sisi tunaoshughulika na viungo vya wazee tunakiogopa kiti hicho.

Msuli wa mzee ukikosa kazi, haubaki ulivyo. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Kwa wastani, kila mmoja alipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hawakuwa wagonjwa, kilichowapunguza ni kulala. Kijana naye hupungua akilazwa, ila hurejea hali yake upesi, wakati mwenye miaka 70 hurejea kwa tabu. Bibi wa Ipililo hajalazwa, lakini akikaa tangu chai ya asubuhi hadi jua linazama, mapaja yake yanafuata njia hiyohiyo polepole. Ataanza kukosa mnadani, halafu kisimani, mwishowe hata choo kitakuwa mbali.

Sisemi aachwe peke yake. Upweke nao unaua. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya watu wazima 6,928 wa Alameda, California, waliofuatiliwa kwa miaka 9: wenye ndugu, marafiki na vikundi vichache walikufa zaidi kuliko waliozungukwa na watu. Miaka ya 1990 Teresa Seeman na wenzake wakachimba zaidi, wakitenganisha aina za msaada. Wazee waliopata wa kuwasikiliza na kuwatia moyo walielekea kutunza nguvu zao. Waliofanyiwa kazi, hasa wanaume, walielekea zaidi kushindwa kujihudumia baadaye. Huenda baadhi yao walisaidiwa kwa sababu walikwisha kuanza kudhoofika. Hata hivyo, kwa ninavyoona, onyo lile linatuhusu.

Huku kwetu Usukumani, upweke huo una kidonda chake. Bibi aliyepikia samadi kavu na mabua ya pamba kwa miaka 50 huwa na macho mekundu kwa moshi, na kwa macho hayo vikongwe wengi wameitwa wachawi, wakauawa. Anayeogopa kunyooshewa kidole hujifungia ndani. Hapiti tena kwa jirani, hachezi na watoto wa watu, wala haendi msibani. Nyayo zote hizo zikikatika, miguu inakatika pamoja nazo. Ndiyo maana nalihesabu jiko lisilo na moshi mwingi kuwa sehemu ya tiba ya viungo, na jirani anayebisha hodi kila asubuhi namhesabu hivyohivyo.

Basi badala ya kumchotea maji, mfuate kisimani. Mjukuu abebe dumu la lita 20, bibi abebe kidumu cha lita 3, na mazungumzo yawe njia nzima. Wasukuma ndio wenye bugobogobo, ngoma ya majembe. Hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba kazi ya wengi huwa nyepesi. Mzee apewe nafasi humo: kuchambua pamba, kupukuchua mahindi, kupalilia mistari miwili mitatu asubuhi kabla ya jua kali.

Mpime mwenyewe nyumbani. Aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, mtu asimame karibu naye, kisha ainuke na kukaa mara 5. Akizidi sekunde 15, miguu imeanza kupungukiwa nguvu, na mazoezi hayohayo ya kuinuka na kukaa, kila siku, ndiyo dawa. Akianguka mara kwa mara, goti likivimba, au upande mmoja ukalegea ghafla, hayo si ya kusubiri. Apelekwe kituo cha afya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee tangu miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo.

Kiti chenyewe kisitupwe. Msimu wa viazi kisogezwe penye mkeka wa wanaokata michembe, na bibi apewe kisu.