Nafasi ndogo inayokula mafuta ya ndeke



Baba aliyetumika chini ya mgodi anajua vantilatere: mapanga ya chuma yanayozunguka ndani ya ngoma. Yakigusa ngoma, yanaharibika. Yakiwa mbali nayo, hewa inarudi nyuma pembeni, na umeme unapotea bure. Motere ya ndeke kubwa iko na shida ile ile, lakini ndani ya moto.

Hiyo motere inavuta hewa, inaibana, inachoma mafuta, na upepo wa moto unasukuma gurudumu lenye mapanga madogo, ndiyo turbini. Katika motere za sasa upepo huo unapita digrii 1.500, zaidi ya joto linaloweza kuyeyusha mapanga yenyewe! Ndiyo maana hewa ya kuyapoza inapitishwa ndani yake. Chuma chake ni nikeli iliyochanganywa, na mara nyingi kobalti inatiwa. Wakati wa vita ya Kolwezi, mwaka 1978, bei ya kobalti ilipanda sana, hata mafundi wa Marekani wakaanza kutafuta namna ya kuipunguza katika motere zao.

Sasa, kati ya ncha ya panga na ngoma yake kuna nafasi ndogo. Watafiti wa NASA kule Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba katika turbini ile ya moto zaidi, ukipunguza nafasi hiyo kwa milimita 0,25 tu, karibu unene wa karatasi 3 za kaye, unaokoa karibu 1 kwa mia ya mafuta. Tena moshi unaotoka unapoa karibu digrii 10. Motere ambayo moshi wake umezidi kipimo inatolewa kwenye ndeke, na kuitengeneza ni gharama kubwa.

Juu ya nini basi wasiifunge kabisa? Kwa sababu ndeke inaporuka, gurudumu linazunguka kwa nguvu na mapanga yanarefuka upesi kwa moto, lakini ngoma inachelewa kupanuka. Nafasi ikiwa ndogo mno, ncha zinakwaruzana na ngoma na kulika. Kisha nafasi inabaki kubwa siku zote. Mutu aliyetaka kubana sana ndiye anayepoteza zaidi!

Kwa hiyo lazima kupima. Motere ikisimama, fundi anaweza kutumia vibati vyembamba, sawa vile vya kupimia buji ya gari. Lakini motere baridi haisemi ukweli wote. Turbini inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10.000 kwa dakika. Kama iko na mapanga 60, basi mapanga 10.000 yanapita kila sekunde!

Hapo wanatia kipimo cha umeme ndani ya ukuta wa ngoma. Uso wa kipimo na ncha ya panga vinashika umeme kati yao bila kugusana. Panga likikaribia, umeme unaoshikwa unaongezeka. Likiwa mbali, unapungua. Mashini inageuza ishara hiyo kuwa milimita, panga kwa panga.

Katika motere nyingi kubwa, ndeke ikisha kutulia juu, hewa baridi inapulizwa nje ya ngoma. Ngoma inajikunja kidogo, nafasi inapungua, mafuta yanaokoka.

Vijana munaojifunza ufundi, musiseme: «Nusu milimita si kitu.» Pimeni kwanza, halafu mukaze.