Gari la oto: Usidanganywe kwamba oili ya giaboksi haiguswi

KAMA unamiliki gari la oto, au unadunduliza pesa ukitarajia kununua lako la kwanza, bila shaka ushawahi kusikia onyo hili: "Hiyo giaboksi usiiguse. Ukibadilisha oili tu, umeiua." Utalisikia kwa makanika, kwa dereva wa teksi, na hata kwa mjomba ambaye maisha yake yote ameendesha pikapu ya gia za mkono.

Mimi nililisikia, nikaliamini. Baadaye nikaacha kuliamini, ila nikafanya kosa jingine kubwa zaidi. Wacha nikusimulie ili wewe usipitie nilikopitia.

Mimi na binamu yangu tulichanga akiba yetu tukanunua kigari cha mtumba, tukakiingiza kwenye biashara ya teksi. Yeye akiendesha mchana, mimi usiku. Pesa zilikuwa zinaingia vizuri. Siku ya sevisi ilipofika, tukaamua kubadilisha na oili ya giaboksi. Tukaenda gereji moja ya mtaani, fundi akamtuma kijana dukani. Kijana akarudi na oili nyekundu.

"Hii ndiyo yenyewe?" nikauliza.

"Oto ni oto, kaka. Zote hutumia hii," fundi akanijibu.

Hazikupita wiki tatu. Binamu yangu alikuwa akirudi Nairobi na abiria kutoka Naivasha, akipanda mlima wa Mai Mahiu. Gari likaanza kutetemeka. Akikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari halisongi. Abiria akashuka akapanda matatu. Sisi tukatafuta lori la kubeba gari.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, alimwaga oili ile kwenye karai, akaitazama, kisha akatuuliza swali moja tu: "Vijana, mlijua gari lenu ni CVT?" Hatukujua. Tulikuwa na gari miezi minane na hatukujua lina giaboksi ya aina gani. Tulilazimika kununua giaboksi nyingine ya mtumba, na akiba yote ikaishia hapo. Binamu yangu akarudi kuendesha bodaboda ya watu.

Kwa hivyo, msomaji wangu, hebu tulielewe jambo hili kuanzia mwanzo.

Oili hii hufanya kazi gani?

Katika gari la gia za mkono, klachi huunganisha injini na giaboksi, nawe huvitenganisha kwa kuikanyaga na mguu wako. Oili ya giaboksi kazi yake kuu huko ni kulainisha meno ya gia.

Gari la oto ni hadithi tofauti. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kiitwacho toki konveta. Ndani yake, pangaboi moja huzungushwa na injini na kuisukuma oili, nayo oili hiyo huzungusha pangaboi la pili lililoungana na giaboksi. Kumbe gari lako likiondoka pale kwenye taa za barabarani, ni oili inayolisukuma!

Si hayo tu. Oili hiyo hiyo hubeba presha inayobana na kuachilia klachi ndogo ndogo zilizo ndani ili gia zibadilike. Pia hulainisha vyuma, na huchukua joto na kulipeleka kwenye redieta au kipozi chake. Kazi nne kwa mpigo. Oili ya injini ikichoka, injini hulalamika polepole. Oili ya oto ikichoka, kila kitu ndani hutegemea mgonjwa mmoja.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 yakiwa na giaboksi ya oto iitwayo Hydra-Matic. CVT nayo ilipata umaarufu kupitia kigari cha DAF 600 kilichozinduliwa Uholanzi mwaka 1958.

CVT haina gia za kuhesabu moja, mbili, tatu. Magari mengi ya siku hizi yenye CVT huwa na puli mbili na mkanda au mnyororo wa chuma unaopita katikati. Puli zikijibana na kujiachia, mwendo hubadilika. Hapo oili ina kibarua kigumu: ilainishe vyuma, lakini isiwe telezi kiasi cha kufanya mkanda uteleze juu ya puli. Ndiyo maana oili ya oto ya kawaida haiwezi kufanya kazi ya CVT. Mkanda ukiteleza, huchuna puli, na giaboksi yako imeanza safari ya kwenda jongomeo.

Ule uvumi ulitoka wapi?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu hawakuuzua uvumi huu bure. Kuna magari ambayo kweli yalibadilishwa oili leo, yakakwama kesho. Sababu huwa hizi.

Kwanza, wengi hungoja hadi giaboksi ianze kuteleza ndipo wakumbuke oili. Wakati huo klachi za ndani zimeshakwisha. Oili mpya haiwezi kurudisha kilicholiwa. Gari likifa, oili ndiyo hubeba lawama, ilhali mgonjwa alifikishwa hospitalini akiwa mahututi.

Pili, kuna mtindo wa kusukuma oili yote nje kwa mashine ya presha. Kwa giaboksi iliyokaa miaka mingi bila kuguswa, presha hiyo inaweza kung'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye vijitundu vyembamba vya valvu.

Tatu ni kosa letu: oili isiyo yake. Na nne, kipimo kibaya. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikatoa povu. Zote mbili ni hatari.

Ibadilishwe lini?

Watengenezaji hutofautiana, lakini kwa magari mengi kilomita 60,000 hadi 100,000 ndicho kiwango cha kawaida. Ikiwa unaendesha teksi kwenye misongamano ya jiji, unavuta trela au unapanda milima kila siku, usingoje hadi mwisho. Wengi hubadilisha kati ya kilomita 40,000 na 60,000, maana joto ndilo adui mkubwa wa oili hii.

Kuna magari yanayosemekana yana oili ya maisha. Jiulize: maisha ya nani? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliopita umri wa miaka 8, na magari mengi hutufikia bandarini Mombasa yakiwa yamekaribia umri huo. Mwenye gari wa kwanza huko Japani alimaliza zamu yake. Zamu iliyobaki ni yako, na yawezekana oili iliyomo ndani ni ile ya siku gari lilipotoka kiwandani.

Jua giaboksi yako kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti utafute kibati chenye maelezo ya gari. Kama hakipo hapo, kagua kwenye fremu ya mlango. Kwa Toyota nyingi kutoka Japani, utaona maneno TRANS/AXLE na mbele yake herufi na nambari. K310, kwa mfano, ni CVT. U340 ni oto ya gia nne. Piga picha kwa simu uwe nayo.

Kisha linganisha na oili. Toyota hutumia WS kwa oto nyingi za gia, na TC au FE kwa CVT. Nissan ina NS-2 na NS-3 kwa CVT. Honda ina HMMF kwa CVT za zamani na HCF-2 kwa za karibuni, huku oto zake nyingi za gia zikitumia DW-1. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, kiweke mbele ya kamera ya simu ikutafsirie. Usitegemee rangi. Oili nyingi za oto ni nyekundu, lakini zipo za kijani na za buluu, na rangi si dhamana ya ubora.

Ukienda kununua, iwe ni Kirinyaga Road Nairobi au duka la spea mtaani kwenu, nenda mwenyewe. Kagua kama mfuniko umewahi kufunguliwa, na udai risiti. Mkebe wa bei ya kutupa mara nyingi una sababu ya kuwa wa bei ya kutupa.

Siku yenyewe ya kazi

Hata kama hutashika spana, simama hapo uone. Gari ni lako.

Gari liwe mahali tambarare na oili iwe na uvuguvugu, si moto wa kuchoma mkono. Kama linainuliwa kwa jeki, lazima liwekewe stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja.

Hakikisha fundi anafungua nati ya giaboksi na si ya injini. Kosa hili hutokea! Tena kama kuna nati tofauti ya kujazia, aifungue kwanza hiyo. Ukishamwaga oili halafu nati ya kujazia ikatae kufunguka, mtalala gereji.

Oili ikitoka, ipokelewe kwenye chombo na ipimwe. Zikitoka lita tatu na nusu, zirudishwe lita tatu na nusu, kisha kipimo kithibitishwe. Usishtuke kwamba haitoki yote. Nyingine hubaki kwenye toki konveta na mabomba ya kipozi. Giaboksi inayobeba lita 7 ikimwaga nusu, basi nusu ya oili yako itakuwa mpya. Ukiendesha siku kadhaa ukarudia, robo tatu itakuwa mpya. Njia hii ya kumwaga na kujaza mara mbili au tatu ni ya polepole lakini haisumbui giaboksi.

Ikiwa sampu itafunguliwa, yaani lile bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, badilisha chujio na gasketi. Tazama sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lifutwe. Ukiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, hiyo ni habari mbaya, na heri uijue leo kuliko uijue mlimani.

Kupima kiwango nako kuna taratibu zake. Magari mengi yenye stiki hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa na joto, baada ya kupitisha gia zote kutoka P hadi ya mwisho na kurudi P. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita. Yasiyo na stiki huwa na nati ya kufurikia: oili ikifikia joto lililowekwa na mtengenezaji, ambalo kwa magari mengi huwa karibu nyuzi 40, ziada hutiririka hadi ibaki michirizi, ndipo nati hufungwa. Fundi asiye na njia ya kupima joto hilo anakisia tu.

Oili chakavu isimwagwe mtaroni. Hufika mtoni, na mto huo kuna anayeutegemea. Irudishe kwenye mikebe uiache gereji inayokusanya oili ya kuuzwa kwa wanaoisafisha upya.

Dalili za kukuamsha

Ukitoa gia P ukaweka D na gari likachelewa kushika, ukihisi mshtuko gia zinapobadilika, ukiona sindano ya mizunguko inapanda na mwendo haupandi, au oili ikinuka kama kitu kilichoungua, nenda kapimiwe mara moja. Uliza pia kama mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha kitu. Na gari likikwama kabisa, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa yanazunguka chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na vyuma vya ndani hukauka vikisagana. Lipakiwe kwenye lori.

Gharama ya kubadilisha oili ni ya maelfu machache ya shilingi. Giaboksi nyingine, hata ya mtumba, ni makumi ya maelfu, ukiongeza siku ambazo gari halikuleta kitu. Sisi tulijaribu kuokoa muda wa kuuliza swali moja.

Binamu yangu sasa ana gari jingine, dogo, la mkopo. Ndani ya mlango wa dereva amebandika kikaratasi alichokiandika kwa mkono: aina ya giaboksi, jina la oili, na kilomita za mara ya mwisho ilipobadilishwa. Fundi akimwambia "oto ni oto," yeye hamjibu. Humfungulia mlango asome.

Wewe la kwako umeshaliandika?