Pesa za Video: Tuhesabu Kwanza

Wanavikundi wa Njoro, Molo na kwingineko, je, mkirekodi upanzi wa viazi na kuuweka YouTube, mtalipwa? Ndiyo, lakini si leo wala kesho. Kwa video ndefu, kwanza watu 1,000 wajiandikishe kuwafuata, tena mtazamwe jumla ya saa 4,000 katika miezi 12. Hebu tupige hesabu: video ya dakika 10 itazamwe hadi mwisho mara 24,000! Hapo ndipo mtagawiwa asilimia 55 ya pesa za matangazo, na hazitumwi mpaka zifike dola 100. Kwa hivyo akiba ya kikundi isinunue kamera. Simu ya mwanachama mmoja yatosha kwa kuanzia.

Kodi pia ipo: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 5.

Lakini ugomvi huja kwa jina. Mara nyingi ni kijana mmoja anayefungua akaunti, wazee wakitazama tu. Kabla hajafungua, mkutano uandike kwa kumbukumbu ni ya nani. Namba ya kuthibitisha anwani hutumwa kwa barua, basi tumieni sanduku la posta la kikundi, na jina la akaunti ya benki lilingane na lililoandikishwa.