Garimoshi Lisilo na Moshi: Funzo Kutoka Hungaria

Historia ya reli ikitajwa, wengi wetu huikumbuka Uingereza na mitambo yake ya mvuke. Ni wachache wanaoitaja Hungaria. Hata hivyo, katika taifa hilo dogo lisilo na bahari, mhandisi mmoja aliliona jambo ambalo mataifa makubwa yalichelewa kuliona, nasi wa Afrika Mashariki tungali twalijadili hadi leo.

Mhandisi huyo ni Kálmán Kandó, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufanya kazi katika kiwanda cha Ganz mjini Budapest. Sifa zake zilianza kuenea ugenini. Mwaka 1902, reli ya Valtellina, kaskazini mwa Italia, ilianza kutumia umeme wa volti 3,000 kwa mpango wake. Mpango huo ulikuwa na dosari moja: ulihitaji nyaya mbili juu ya reli, pamoja na umeme wa namna ya pekee. Ujerumani, Uswisi na Austria nazo zilichagua umeme wa reli usiolingana na ule wa viwandani na majumbani. Matokeo yake ni kwamba reli ililazimika kuwa na mitambo yake maalumu ya kuzalisha au kugeuza umeme.

Kandó akauliza swali jepesi: kwa nini reli isitumie umeme ule ule uwashao taa za mji, yaani umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, tena kwa waya mmoja tu?

Kikwazo kilikuwa mota. Mota za reli za wakati huo hazikuumudu vyema umeme wa aina hiyo. Kwa hiyo Kandó alibuni mtambo mkubwa unaozunguka ndani ya kichwa cha garimoshi, ukipokea umeme wa waya mmoja wenye volti 16,000 na kuugawa katika mikondo kadhaa ya kuendeshea mota moja kubwa. Nguvu za mota hiyo zilifikishwa kwenye magurudumu kwa vyuma vya kuunganishia, mithili ya vile vya mitambo ya mvuke. Dereva alikuwa na mwendo wa ngazi nne: kilomita 25, 50, 75 na 100 kwa saa.

Majaribio yalianza mwaka 1923 katika kipande cha reli cha kilomita zipatazo 15 karibu na Budapest. Kati ya mwaka 1932 na 1934, njia ya kutoka Budapest hadi Hegyeshalom, mpakani mwa Austria, takribani kilomita 190, ilianza kutumia umeme huo. Viliundwa vichwa 29 vya aina ya V40 na vitatu vya V60. La kusikitisha ni kwamba Kandó hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Januari 1931.

Haifai kumsifu kupita kiasi. Mtambo wake ulikuwa mzito na wenye mambo mengi, na mwendo wa ngazi nne ulikuwa pingu kwa dereva. Baadaye vifaa bora zaidi vilichukua nafasi yake. Lakini wazo lenyewe halikufa. Katika miaka ya 1950, Ufaransa ililichukua na kulikuza kwa volti 25,000, na leo mfumo huo umeenea duniani. Reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, hutumia umeme wa volti 25,000 na mizunguko 50.

Je, sisi Wakenya? Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilianza kwa dizeli, mafuta tunayoyaagiza kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Ilhali sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana. Umeme huo ni wa mizunguko 50, ule ule aliouchagua Kandó.

Ni kweli kwamba nyaya na vituo vya umeme havijengwi bure, na madeni ya reli yenyewe ni mazito. Aidha, umeme unaokatika mara kwa mara hauwezi kutegemewa na garimoshi. Lakini hoja hizo zinadai tupige hesabu hadharani. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mafuta ya wenyewe ni msala upitao. Mvuke wa Olkaria ni mbacha wetu.