Kompyuta ya duka: Linux mpya au iliyozoeleka?

KIGALI. Tuseme lori la mchele limevuka mpaka wa Rusumo na sasa linashusha mzigo Kabeza, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali. Mwenye duka la jumla anawasha kompyuta aingize magunia kwenye hesabu. Jana usiku kijana wake wa dukani aliweka toleo jipya kabisa la Linux. Leo Wi-Fi haishiki, dereva anadai stakabadhi, wateja wako mlangoni.

Kosa liko wapi? Liko kwenye kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli. Ndicho kinachoongoza prosesa, diski, printa na intaneti. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Simu za Android nazo huendeshwa na kiini hicho, kwa hiyo hata anayepokea malipo kwa simu ya aina hiyo anakitumia kila siku.

Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Neno “thabiti” ndilo linalowapoteza wengi. Toleo thabiti la kawaida hurekebishwa kwa takribani miezi mitatu tu, kisha huachwa. Anayebaki nalo hapati tena marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji wake.

Matoleo ya muda mrefu ni mengine. Kwa kawaida huteuliwa moja kila mwaka, na hurekebishwa kwa miaka miwili au zaidi. Miongoni mwake ni 6.1 la Desemba 2022, lililokuja na Debian 12, na 6.12 la Novemba 2024, lililokuja na Debian 13.

Kukaa na toleo la aina hiyo si kukaa na kitu kilichochakaa. Namba za mwanzo hazibadiliki, lakini ya mwisho hupanda kila marekebisho yanapoingia: 6.12.1, 6.12.2 na kuendelea. Anayekataa marekebisho hayo kwa kuogopa mabadiliko amelala bila kufunga mlango wa duka.

Toleo jipya lina siku yake. Kompyuta iliyotoka kiwandani karibuni huenda ikawa na kadi ya Wi-Fi au ya picha ambayo kiini cha zamani hakiitambui. Hapo kusonga mbele ni lazima. Lakini kifaa kinachotegemea programu iliyowekwa kando, nje ya kiini, ndicho huwa cha kwanza kugoma kiini kinapobadilishwa.

Mwenye duka anaweza kujua toleo lake kwa kuandika uname -r kwenye dirisha la amri. Kabla ya kubadilisha, anakili hesabu kwenye flashi, achague siku isiyo na mzigo, na asifute kiini cha zamani. Debian na Ubuntu kwa kawaida hukibakiza kwenye orodha ya kuwashia.

Huko ndiko kuna nafuu ya yule wa Kabeza: azime, awashe, achague kiini cha jana, Wi-Fi irudi na dereva apate karatasi yake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa kompyuta inayoshika hesabu za mzigo, toleo la muda mrefu linalosasishwa ndilo mbacha wa kukalia.